SOMO LA WIKI: Njia moja ikikatika, biashara ipite wapi?

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo, akiwa katika ugomvi na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, aliifunga njia ya misafara iendayo Ujiji. Biashara ya pembe za ndovu ikayumba. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alizunguka kwa upande wa kusini na kufika Ujiji mwishoni mwa mwaka huo. Njia yake ya pili ilifaa kwa kuwa ilikuwa mbali na ile iliyofungwa.

Somo hilo linawahusu pia wenye mitandao ya mawasiliano ya kasi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu siku moja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Mikongo ilikuwa miwili, lakini hatari ilikuwa moja.

Hesabu yake ni hii. Laini inayofanya kazi kwa asilimia 99 ya muda hukatika takriban saa 88 kwa mwaka. Laini mbili za aina hiyo, zisizotegemeana, hukatika kwa pamoja takriban dakika 53 tu. Zikilazwa katika mtaro mmoja, jembe moja huzikata zote, na faida hiyo hupotea.

Jambo la pili ni nafasi. Laini mbili za gigabiti 10 kila moja, zikibeba 6 na 6, zinaonekana salama. Moja ikikatika, 12 haziingii katika 10.

La tatu ni muda. Mtandao uliojengwa kwa mzunguko, wenye njia ya akiba iliyopangwa mapema, unaweza kugeuza mawasiliano ndani ya milisekunde 50. Mtandao unaoanza kutafuta njia baada ya ajali huchukua sekunde kadhaa au zaidi, na malipo yaliyokuwa njiani huweza kukwama.

Kwa Urambo, wilaya ya tumbaku, laini ikikatika siku ya malipo mkulima hurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo chama cha msingi au mnunuzi anayelipia laini ya pili aulize mambo matatu kabla ya kutia saini: inapita wapi, inabeba kiasi gani, na mara ya mwisho ilijaribiwa lini kwa kuizima ile ya kwanza. Asipopata majibu, huenda analipia laini moja kwa bei ya mbili.