Mji Mkongwe Baada ya Magharibi

Mwalimu mmoja wa Wambaa, Pemba, anataka kuwaleta jamaa zake Unguja watembezwe Mji Mkongwe jioni. Ametuma maswali, na mtembezaji wageni wa siku nyingi anamjibu.

Wageni wa Kizungu wanaopita kwetu Wambaa kwenda hotelini wengi wameshatembezwa Mji Mkongwe. Sisi Wazanzibari nasi tulipe mtu atuoneshe mji wetu?

Nikuulize nami: mkija Unguja mnafika wapi? Bandarini, Darajani, kisha Ng'ambo kwa jamaa. Kiponda na Shangani mnapita pembeni tu, na wengi waliozaliwa hapa hali yao ni hiyo hiyo. Njia si tatizo, kwani mji ni mdogo na ukipotea utatokea pwani au barabara ya Darajani. Mnacholipia ni maelezo, na maelezo mabovu ni mengi.

Nitamjuaje mwenye maelezo mazuri?

Kwanza aoneshe kitambulisho chake cha Kamisheni ya Utalii. Wanaowafuata wageni bandarini bila kibali tunawaita papasi, nanyi mnawajua. Lakini kitambulisho hakimzuii mtu kutia chumvi, na kiza kinasaidia sana uongo. Muulizeni kuhusu misumari ya shaba iliyochomoza milangoni. Wengi watakwambieni ni ya kuzuia tembo. Huko India, ndiyo, milango ya ngome iliwekwa miiba kwa ajili ya tembo wa vita. Hapa tembo angetoka wapi? Ni pambo lililokuja na mafundi na ladha ya Kihindi. Mtembezaji mwema atakwambieni hivyo, kisha akusimulieni na kisa cha tembo mkipenda, maana kisa nacho kina utamu wake.

Na akikuonesheni nyumba aliyozaliwa Freddie Mercury kwa uhakika wa kuapa, mcheke naye, mwendelee. Kwamba alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, hilo kweli. Nyumba zinazodaiwa kuwa zake ni zaidi ya moja.

Tuanze saa ngapi?

Saa 11, mkishasali Alasiri. Jua la hapa linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo, kutegemea mwezi, kwa hiyo mtapata saa nzima na zaidi ya mwanga wa ubavuni. Huo ndio mwanga wa kutazamia nakshi, kwa sababu mchana jua la utosini hulaza kila kitu. Tazameni milango ya Kiarabu yenye kichwa bapa na maandishi juu yake, halafu ile ya Kigujarati ya vipande vinavyokunjwa, iliyokuwa ya maduka. Wazee nao huo ndio wakati wao wa kutoka barazani. Toeni salamu kwanza, picha baadaye, na picha kwa idhini.

Magharibi ikiadhiniwa, matembezi yasimame. Mtembezaji anayeendelea kupiga kelele mlangoni mwa msikiti simpendi, hata awe msomi wa namna gani. Si kila msikiti una sehemu ya wanawake, basi mwambieni mapema akupangieni. Mkiwa upande wa Malindi, mtazame mnara wa msikiti wake. Umbo lake ni la pia, na minara ya namna hiyo ni adimu pwani yetu yote.

Siku ya kufika msipange kutembea. Boti ya Mkoani hupita mkondo wa Nungwi, na mawimbi yake hamhitaji kuelezwa na mimi.

Usiku majumba yamefungwa. Tutaona nini?

Mtaona kuta. Nasema kweli, kuta ndizo somo lenyewe. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake, haivutwi, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu lakini upana wake kama mita 3 tu. Nyinyi mnaoishi na mikoko mtalielewa hili kuliko mgeni yeyote. Chokaa hupumua. Ukikandika saruji juu yake, unyevu unabaki ndani, boriti inaoza, na siku moja ghorofa inashuka. UNESCO iliutia mji huu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini heshima hiyo haizuii paa kuvuja.

Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilianguka sehemu yake kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakafariki. Msiipite haraka.

Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, siwapeleki watu usiku. Pale pana haki ya kupewa asubuhi nzima.

Na Forodhani?

Bustani ilifunguliwa 1936, ikatengenezwa upya na kufunguliwa tena 2009. Kula urojo, kunywa juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Samaki na pweza mnao kwenu wabichi zaidi. Mkivitaka hapa, ulizeni bei kabla havijaingia motoni.

Nimesoma kuwa miji ya kale ya Asia inavuma kwa matembezi ya usiku. Wametuzidi nini?

Hoi An ya Vietnam, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 1999, hufunga mitaa yake ya kale kwa magari jioni, na taa za hariri zinawaka kila mlango. Kwetu vespa inakutokea nyuma bila taa, kwa hiyo watoto washikwe mikono. Melaka ya Malaysia, iliyotekwa na Wareno mwaka 1511, miaka sita baada ya Kilwa, ina soko la usiku mwisho wa wiki. Wametuzidi utaratibu. Lakini taa zikipangwa kwa ajili ya wageni tu, wenyeji huanza kupangisha nyumba na kuhama. Mji wetu umeshaanza kuonja hilo, ila Jaws Corner bado wazee wanakunywa kahawa na kubishana siasa bila kujali nani anapita. Mimi nachagua hapo.

Chake Chake nako kunafaa matembezi kama haya?

Jioni, mtaa wa kale na kahawa, kunafaa. Makumbusho yaliyo ndani ya ngome muyaone mchana. Pujini, kwenye magofu ya ngome ya mtawala wa kale Mkama Ndume, nendeni asubuhi. Magofu yako wazi, vichaka vingi, na kiza hakikuoneshi handaki mpaka umeshaliingia. Vaeni viatu vya kufunga.