Dondoo muhimu: Kwaya ikialikwa usharika wa kijijini Rwanda

Mkishavuka mpaka wa Rusumo kutoka Tanzania, rudisheni saa zenu nyuma kwa saa moja, na dereva ahamie upande wa kulia wa barabara. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008.

Msisafiri asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi: ni Umuganda, watu wako kwenye kazi za jamii hadi saa tano. Afadhali mfike Ijumaa, mshike majembe pamoja na wenyeji. Undugu utaanza kabla kwaya haijaimba.

Zawadi zipitie kwa mchungaji na wazee wa kanisa, kamwe msiwagawie watoto pesa njiani. Chakula mtakachoandaliwa, kuleni. Mwenye masharti ya daktari awaarifu wenyeji mapema.