Mtoto asiyeweza kula ngano: kababu za jioni kwa nyumba nzima

Mara nyingi ukurasa huu huzungumzia homa, chanjo na uzito wa watoto wachanga. Mwezi huu tunaingia jikoni, tena saa kumi na mbili jioni, wakati mama ametoka kazini au shambani, watoto wana njaa, na hakuna mwenye nafasi ya kukaa jikoni hadi usiku. Tutapika kababu za nyama ya kusaga ndani ya mchuzi wa nyanya, bila chembe ya ngano. Ngano hatuiachi kwa kuiga mtindo. Wako watoto, na watu wazima pia, ambao mkate, chapati na maandazi huwaharibu utumbo.

Ugonjwa wenyewe huitwa siliaki. Ndani ya ngano, shayiri na ile nafaka ya Ulaya iitwayo rai mna protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa watu wengi gluteni haina neno. Lakini kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili huiona kama adui, na katika kupambana nayo huujeruhi utumbo mwembamba. Utumbo huo kwa ndani una vinyweleo vidogo sana, mfano wa taulo, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Vinyweleo hivyo husinyaa mpaka utumbo unakuwa tambarare. Hapo mtoto anaweza kula sahani nzima, na bado chakula kikapita tu bila kumjenga.

Dalili hutofautiana. Mtoto mdogo huharisha kwa muda mrefu, choo kikiwa kingi, cheupe-cheupe na chenye harufu kali. Tumbo hujaa, huku makalio na mapaja yakikonda. Mwingine haharishi kabisa, bali hana damu ya kutosha kila akipimwa, harefuki kama wenzake, au ana vidonda vya mdomoni visivyokwisha. Binti anaweza kuchelewa kuvunja ungo. Ni rahisi kusema ni minyoo, au ni utapiamlo, au kunong’ona kwamba ni ule ugonjwa mwingine. Na kweli, huku kwetu magonjwa hayo ni mengi kuliko siliaki, kwa hiyo ndiyo yanayopaswa kupimwa kwanza: minyoo na vijidudu vingine vya tumbo, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI. Lakini mtoto akishatibiwa yote hayo na bado anasinyaa, tuulize pia kuhusu ngano.

Wengine husema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 uliwakuta na siliaki watoto 5.6 kati ya kila 100 miongoni mwa watoto wa Kisahrawi waliopimwa katika kambi za wakimbizi huko Algeria. Hao ni Waafrika, na kiwango hicho kinapita cha nchi nyingi za Ulaya. Ugonjwa huu pia hufuata ukoo: akipatikana nao mtoto mmoja, ndugu zake wa tumbo moja na wazazi wake nao wapimwe.

Hapa tunaomba msikilize vizuri. Msimwachishe mtoto ngano kabla ya kupimwa! Kipimo cha damu hutafuta askari wa mwili wanaoamshwa na gluteni. Mtoto akiwa ameiacha kwa miezi, askari hao hupungua, kipimo huonyesha hana ugonjwa, na familia hubaki gizani. Mpelekeni hospitali ya rufaa akiwa bado anakula mkate wake kama kawaida. Mara nyingi daktari huhitaji pia kuchukua kipande kidogo cha utumbo kwa mpira wenye kamera. Ikithibitika, dawa ni moja tu, nayo ni kuacha gluteni maisha yote. Na asiyekuwa na tatizo aendelee na mkate wake kwa amani.

Jambo hili lilieleweka kwa taabu. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alitangaza kwamba watoto wenye ugonjwa huu hupona wakilishwa ndizi. Watoto walinenepa kweli, naye akadhani ndizi ndiyo dawa. Hakujua kwamba kilichowasaidia ni kile walichoacha kula. Baadaye daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, ambaye tayari alikuwa akiishuku ngano, aliona kwamba katika njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika, wagonjwa wake walipata nafuu; mkate uliporudi, walizidiwa tena. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake akiitaja ngano waziwazi.

Mama anayepewa habari hii huuliza swali moja: “Sasa, Sista, mtoto atakula nini?” Tunamjibu kwamba karibu vyakula vyote vya wazee wetu ni vyake: ugali wa mahindi, wa mtama, wa uwele, wa ulezi, wa muhogo, wali, ndizi, viazi, magimbi, maharage, nyama, samaki, mayai, maziwa, mboga na matunda. Aliyeko Bukoba au Tukuyu anaweza kupita wiki nzima bila kuikumbuka ngano. Shida iko kwenye chai ya asubuhi, kwenye sherehe, na kwenye vyakula ambavyo ngano imejificha ndani yake. Kababu ni mojawapo, kwa sababu wapishi wengi huchanganya nyama na mkate uliolowekwa au chenga za mkate.

Mkate huo una kazi yake. Hushika maji ya nyama na kuifanya kababu iwe laini. Ukiuondoa bila kuweka kitu mahali pake, utapata vitonge vigumu kama kokoto. Sisi tunapendelea viazi mviringo vya kuchemsha vilivyopondwa. Wali uliobaki unafaa ukipondwa vizuri, na ugali wa jana uliosagikasagika kwa vidole unafaa pia, ingawa kababu hutoka nzito kidogo. Unga mbichi wa mahindi usiuweke. Hubaki mdomoni kama mchanga.

Kwa watu watano au sita, tafuta hivi:

Nyama ya ng’ombe ya kusaga nusu kilo
Viazi mviringo viwili vya wastani
Yai moja
Vitunguu maji viwili
Vitunguu saumu punje nne na kipande cha tangawizi
Majani ya giligilani, pilipili manga na chumvi
Nyanya zilizoiva sita
Karoti moja
Mafuta ya kupikia, vijiko vinne vya chakula

Kwanza bandika viazi, ukivikata vidogo viive ndani ya robo saa. Huku vikichemka, katakata kitunguu kimoja kiwe chembamba sana, twanga saumu na tangawizi, kata nyanya, na kwangua karoti. Viazi vikiiva, mwaga maji yote, viponde vikavu na uviache vipoe kidogo. Changanya nyama, viazi, yai, kitunguu, nusu ya saumu na tangawizi, giligilani, pilipili manga na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Tumia mkono safi na usikande kama unga wa chapati; nyama ikikandwa sana hukakamaa. Lowesha viganja kwa maji na ufinyange vitonge vya ukubwa wa ndimu ndogo. Vitakuwa ishirini hivi. Kazi hii wape watoto, wakishanawa mikono kwa sabuni kabla na baada.

Pasha mafuta katika sufuria pana. Zipange kababu bila kuzibananisha, uzigeuze taratibu mpaka zipate rangi ya kahawia kila upande, dakika tano au sita. Bado ndani ni mbichi, usihofu. Zitoe, na katika mafuta yaleyale kaanga kitunguu cha pili, kisha saumu na tangawizi iliyobaki, karoti na nyanya. Nyanya zikishalainika na kutoa mafuta juu, ongeza kikombe kimoja cha maji na chumvi kidogo, rudisha kababu, funika, na uache zitokote kwa moto wa wastani dakika kumi na tano. Kwa jumla ni kama dakika hamsini, na pembeni umepata nafasi ya kusonga ugali na kupika mchicha.

Usifupishe hizo dakika za kutokota. Katika pande la nyama vijidudu hukaa zaidi juu, moto ukavifikia upesi. Lakini nyama ikisagwa, vya juu huingia hadi katikati. Pasua kababu iliyo kubwa kuliko zote: isiwe na wekundu, na maji yake yawe meupe. Mwenye kipimajoto cha jikoni atafute nyuzi 71 katikati.

Nyama ni ghali, tunajua. Robo kilo inatosha ukiichanganya na kikombe kimoja na nusu cha dengu au maharage yaliyochemshwa na kupondwa. Chagua dengu hizo kwa makini na uzioshe, maana punje za ngano huchanganyika nazo gunia moja kwa lingine. Na kwa mtoto aliyepungukiwa damu, chai isiandamane na chakula hiki. Chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Inywewe baada ya saa moja au zaidi.

Sasa tuseme juu ya uchafuzi, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi zenye nia njema hushindwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kila siku kwa miezi mitatu zinatosha kuuumiza utumbo wa mgonjwa, na kipande kimoja cha mkate kina mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo usikaange kababu hizi katika mafuta yaliyokaanga maandazi au sambusa. Usizipange juu ya kibao cha chapati. Siku ya kupika chapati, vumbi la unga huenea jikoni kote; chakula cha mtoto kipikwe kwanza na kifunikwe. Buchani, chagua nyama yako na uione ikisagwa mbele ya macho, kwa sababu nyama iliyosagwa tangu asubuhi huenda imechanganywa na kitu. Ikiwa mashine ile husaga pia soseji, afadhali uikatekate nyama kwa kisu kikali nyumbani. Kwenye mashine ya unga mambo ni yaleyale. Mahindi yakisagwa baada ya ngano hubeba ngano. Ongea na mwenye mashine, au tafuta inayosaga mahindi peke yake.

Somo maandishi ya pakiti. Sosi ya soya mara nyingi hutengenezwa kwa ngano, na baadhi ya vipande vya kiungo cha mchuzi na supu za pakiti huwa nayo. Vinywaji vya kimea hutokana na shayiri. Tunasikitika zaidi juu ya unga wa lishe: huuzwa kwa ajili ya kumnenepesha mtoto, na baadhi yake una ngano. Afadhali utengeneze wako. Panapoandikwa kwamba chakula hakina gluteni, kipimo cha kimataifa ni kisizidi miligramu 20 kwa kilo.

Kuna wazazi ambao humpikia mgonjwa sufuria yake ndogo na kumweka pembeni na sahani yake. Tunaelewa nia yao, lakini mtoto huyo atanyofoa chapati ya kaka yake mara tu mtakapogeuka, na bibi naye kwa huruma atampa andazi “kidogo tu”. Tunashauri chakula cha jioni kiwe kimoja kwa wote. Kababu hizi na ugali haziwapunguzii wengine chochote, na wageni hawatagundua kwamba hazina mkate. Wenye hamu ya chapati wapate siku yao, nazo ziliwe mbali na sahani ya mgonjwa. Bibi aelezwe mapema, kwa heshima, na ikiwezekana aje naye hospitali amsikie daktari mwenyewe.

Wazazi wa watoto wanaojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza hutuuliza juu ya hostia, ambayo ni ya ngano. Barua za Roma za mwaka 2003 na 2017 zimeeleza: hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Misa, lakini yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa, na asiyeweza hata hiyo anaweza kupokea kwa umbo la divai peke yake. Mwoneni Paroko mapema, msingoje wiki ya sherehe. Ikiamuliwa apokee divai, ombeni kalisi ya pembeni, kwa sababu ya padre hutiwa kipande cha hostia. Kuhusu hostia yenye gluteni kidogo, daktari wake aulizwe kwanza.

Kababu zikibaki, zipoze na kuzifunika, ziwekwe kwenye friji ndani ya saa mbili, na ziliwe kesho au keshokutwa zikiwa zimechemka tena kabisa. Asiye na friji apike za kuisha jioni ileile. Kwa chakula cha shule, zichemshe alfajiri, mfungie mtoto kababu tatu na kiazi kitamu katika kopo lake lenye kifuniko, ale mapema, na mwambieni mwalimu wa darasa asimruhusu kubadilishana na mwenzake mwenye mkate.