Kunywa Maji, Mdogo Wangu

Mdogo wangu uliyeniandikia kwamba mwezi ujao unakwenda na marafiki Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, kutembea kwa miguu na kulala kwenye mahema, umeniuliza uvae nini. Nitakujibu. Ila kwanza niambie: ukibanwa na mkojo saa tatu asubuhi, uwanda mtupu mbele na nyuma, hakuna hata kichaka cha kukufikia magoti, na nusu ya kundi ni wanaume, utafanyaje?

Nakuuliza kwa sababu najua wengi wetu tunavyofanya. Tunaacha kunywa. Tangu alfajiri msichana anagusisha chupa mdomoni tu, asije akalazimika kuomba watu wasimame. Ukifanya hivyo kwenye vilima vya Ngong, huenda ukarudi nyumbani na kichwa kinachouma. Mashariki ya Ziwa Turkana, iliko Sibiloi, ni nchi ya jangwa. Upepo mkavu unakausha jasho kabla hujalihisi, kwa hiyo maji yanakutoka na wewe unajiona mkavu, mzima kabisa. Anayetembea kwenye joto kama lile anahitaji nusu lita hadi lita nzima kwa saa. Akijinyima, huanza kuumwa kichwa, kisha kichefuchefu. Mwenzako akianza kuyumba au kusema maneno yasiyoeleweka, hiyo ni dharura: mpelekeni kivulini, mpunguzieni nguo, mmwagieni maji na kumpepea, na safari ya kwenda kwa daktari ianze pale pale. Na hata ukinusurika na hayo, kubana mkojo kutwa nzima kunakaribisha maambukizi ya njia ya mkojo. Sitaki upatwe nayo ukiwa mbali na hospitali.

Basi chukua leso mbili. Moja jifunge kiunoni, ya pili ashike mwenzako iwe pazia. Sketi pana nayo inasaidia sana, usiidharau kwa kuwa wengine wamevaa suruali za kupandia milima. Kabla ya kuondoka, kaeni wasichana peke yenu mkubaliane, kisha mwambieni kiongozi bila kumung'unya maneno: kila baada ya saa moja kundi linasimama, wanaume wanatangulia na hawageuki. Kusimama kukishakuwa utaratibu wa wote, hakuna anayebaki na kazi ya kuomba.

Mwezi ukikukuta huko, usiogope. Beba pedi zaidi ya unazodhani zitatosha, na kopo lenye mfuniko wa kubana la kuwekea zilizotumika, urudi nazo. Usizifukie. Upepo utazifukua, na mchanga mkavu hauozeshi kitu upesi.

Maji yenyewe hesabuni lita tano za kunywa kwa kila mtu kwa siku, ya kupikia mbali. Msitegemee ziwa. Maji yake yana magadi na floridi nyingi, na chujio la kawaida la wasafiri haliondoi chumvi. Tena ziwa lile lina mamba wengi, kwa hiyo hata kuoga ufukweni usishawishiwe. Bebeni maji kwenye madumu, kwani tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi za Kenya. Weka na pakiti za ORS mkobani. Ukinywa maji matupu mengi huku chumvi ikikutoka kwa jasho, nayo ni hatari.

Sasa nguo: shati la pamba la mikono mirefu, suruali au sketi isiyobana, kofia pana, na viatu ambavyo mguu umeshavizoea. Asubuhi vikung'ute kabla ya kuvaa, maana nge hupenda kujificha humo. Tembeeni kuanzia alfajiri hadi saa nne, mjipumzishe kivulini, muendelee saa kumi jioni. Hema msilisimike ndani ya laga, yaani mkondo mkavu wa mto, hata kama mchanga wake ni laini na kingo zinakinga upepo; mvua ikinyesha mbali milimani, mafuriko hufika kwenu chini ya anga safi. Upepo wa usiku huko ni mkali, kwa hiyo pigilieni vigingi vizuri na kuviwekea mawe mazito juu.

Nenda, mdogo wangu. Koobi Fora iko humo humo, mahali ambapo mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu la binadamu wa kale, wa karibu miaka milioni mbili iliyopita. Utaona magogo yaliyogeuka mawe. Usiokote hata kipande kidogo. Jiwe unaloliona la kawaida huenda lilichongwa na mkono wa mtu, na mtafiti anahitaji kulikuta pale pale lilipo.

Kabla hujatuma pesa, mpigie kiongozi wa safari. Muulize maji ni lita ngapi kwa kila mtu, kama askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) wa kutembea nanyi ameshapangwa, magari ni mawili au moja, na nani atakayebaki nyumbani akijua siku mnayotarajiwa kurudi. Kisha mweleze habari ya kusimama kila saa. Akikucheka au akikwambia unadeka, zuia pesa zako na utafute kundi jingine.