Meza Iliyotakiwa Kuwa Kuni

Kibumba iko kwenye njia kuu itokayo Goma kwenda Rutshuru, chini ya mlima Nyiragongo. Ni nchi ya juu. Asubuhi ukungu hufunika mashamba, na usiku baridi huingia mpaka mifupani. Udongo wake ni mweusi, umetokana na volkano, nao una rutuba nyingi. Viazi na kabichi hustawi sana. Lakini maji ni shida, kwa maana mvua inyeshapo, maji hupenya upesi katika mawe ya volkano. Nyumba nyingi za nchi hii hujengwa kwa mbao. Kwa hiyo fundi wa mbao anajulikana kwa watu wote.

Nchi hii imeona taabu. Nyiragongo ulitoa moto mwaka 1977, tena mwaka 2002, tena mwaka 2021. Mwaka 1994 palikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa Rwanda katika Kibumba, na miti mingi ya mbuga ya Virunga ilikatwa kwa kuni na makala. Vita navyo vimewakimbiza watu mara nyingi. Mtu akimbiapo hubeba mtoto, sufuria na blanketi. Meza haibebi. Akirudi huikuta imevunjika, au haikuti kabisa. Basi itampasa kuanza nyumba upya kwa franga chache. Afanyeje? Somo hili linaonyesha njia moja.

Ushauri wa jirani

Mjane mmoja alirudi nyumbani pamoja na watoto wake wawili. Ndani hamkuwa na kitu. Nyuma ya nyumba alikuta meza ya marehemu mume wake. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika, na ubao wa juu ulikuwa mweusi kwa mvua na moshi.

Jirani yake akamwambia, "Mama, ipasue iwe kuni. Usiku huu una baridi."

Mjane akafikiri. Kuni zile zingepika chakula cha siku mbili, kisha zingekuwa majivu. Kijana wake mkubwa akasema, "Mama, mdogo wangu anaandika juu ya magoti yake. Tuiache kwanza, tumwulize fundi."

Wakamwendea mzee mmoja, fundi wa mbao. Mjane akamwuliza, "Mzee, meza hii ina uzima bado?"

Mzee akajibu, "Mbao haisemi uwongo, mama. Tuiulize yenyewe."

Kuipima mbao

Fundi hakuanza kwa nyundo. Alianza kwa macho na vidole. Aliigeuza meza chini juu. Aligonga kila ubao kwa kidole: mbao nzima hutoa sauti kavu, mbao iliyooza hutoa sauti nzito. Alisukuma ncha ya kisu katika miguu. Mbao nzima hukikataa kisu. Mbao iliyooza hukipokea kama kiazi kilichopikwa.

Kisha alitafuta matundu madogo. Wako wadudu wanaotoboa mbao na kuila ndani kwa ndani. Unga mpya ukionekana chini ya matundu, wadudu wangali hai. Meza ile haikuwa nao. Miguu mitatu ilikuwa mizima, na ubao wa juu haukuoza. Weusi wake ulikuwa wa juu juu tu.

"Meza hii ni mgonjwa, si maiti," alisema mzee. Akamwambia kijana, "Njoo kila jioni, mwanangu. Utaitengeneza wewe, nami nitakuangalia."

Mtu anunuaye kiti au meza ya zamani sokoni afanye vivyo hivyo. Asitazame rangi kwanza. Aigeuze, aigonge, aitikise. Rangi ni nguo tu. Afya ya mbao iko chini yake.

Kuunga viungo

Siku ya kwanza kijana aliosha meza kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, akaifuta na kuiacha ikauke kivulini. Maji mengi hufanya mbao ivimbe, na jua kali huipasua.

Siku ya pili alifungua viungo vilivyolegea. Kila kiungo kina ulimi na tundu: ulimi wa ubao mmoja huingia katika tundu la ubao wa pili. Gundi kuukuu ilikuwa imebaki humo. Kijana aliikwangua yote, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu. Fundi alimpa kipande cha mkalitusi kilichokauka vizuri, na kijana akachonga mguu mpya. Mkalitusi mbichi haufai, maana ukikauka hujikunja na kupasuka. Ni mti mgumu. Mafundi wa Kivu ya Kaskazini huutumia hata kwa chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linaloteremsha viazi na kabichi mpaka Goma.

Alipopaka gundi na kuingiza ndimi katika matundu yake, alizungusha kamba kwenye miguu yote minne. Akatia kijiti katikati ya kamba, akakizungusha mpaka kamba ikakaza sana. Gundi iliyozidi ilitoka, naye akaifuta. Meza ikalala hivyo hadi kesho yake. Fundi asiyesubiri gundi hufanya kazi mara mbili.

Kusugua

Ubao wa juu ulikuwa na rangi ya zamani chini ya masizi. Hapo mzee alimkanya kijana. Rangi za zamani mara nyingine zina risasi ndani yake, na vumbi la risasi ni sumu, zaidi kwa watoto wadogo. Kwa hiyo rangi kuukuu isisuguliwe ikiwa kavu. Ilowanishwe kwanza, ikwanguliwe kwa chuma butu, na mabaki yakusanywe, yasibaki uani wala shambani. Mdomo na pua vifungwe kitambaa. Kisha mikono ioshwe kabla ya kula.

Rangi ilipokwisha kutoka, kijana alijaza nyufa ndogo kwa unga wa msumeno uliochanganywa na gundi. Ulipokauka, alisugua ubao kwa karatasi ya msasa, kwanza ya kukwaruza, kisha laini. Alifuata nyuzi za mbao, kwa sababu msasa ukikata nyuzi huacha mikwaruzo isiyofichika.

Jina hili la msasa ni la kale. Msasa ni mti, jamii ya mtini, na majani yake yanakwaruza. Kabla ya karatasi kufika madukani, mafundi walisugulia mbao kwa majani hayo, na wako wanaoyatumia hata leo. Asiye na franga asidhani kwamba hana vyombo.

Kupaka

Mbao iliyosuguliwa ni kama ngozi isiyo na nguo: maji na mafuta ya chakula huingia upesi. Lazima ifunikwe. Yuko apakaye vanishi ya dukani. Yuko apakaye rangi ya mafuta. Mzee alitumia nta ya nyuki. Huchukua fungu 1 la nta na mafungu 3 ya tapentaini. Nta huyeyushwa katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Kisha kopo hutolewa, hupelekwa nje mbali na moto, ndipo tapentaini humiminwa. Tapentaini hushika moto upesi sana. Kazi hiyo ni ya mtu mzima, si ya mtoto.

Nta ikipoa huwa laini kama siagi. Hupakwa kidogo kwa kitambaa, huachwa usiku mmoja, kisha husuguliwa kwa kitambaa kikavu mpaka ing'ae. Mara mbili nyembamba hushinda mara moja nene. Katika Kibumba ukungu huchelewesha kukauka. Basi mtu avumilie.

Jambo jingine la kukumbuka: kitambaa chenye mafuta ya kitani kisikunjwe na kutupwa pembeni. Mafuta hayo yakaukapo hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa huweza kuwaka chenyewe, bila kiberiti. Katika nyumba ya mbao huo ni msiba. Kitambaa kitandazwe nje peke yake mpaka kikauke, au kilowekwe katika maji.

Siku ya nane meza iliingia nyumbani. Mtoto mdogo aliweka daftari lake juu yake, akaandika jina lake.

Kupamba nyumba

Mama naye hakukaa bure. Alichukua gunia jeupe la unga, akalifua mpaka maandishi yakafifia, akashona kitambaa cha meza na kukitia nakshi ya uzi mwekundu pembeni. Mpira wa ndani wa baiskeli, uliokwisha kutoboka, aliukata mikanda mirefu na kuifuma juu ya kibao kisicho na kikalio. Makopo mawili aliyatoboa chini ili maji yatoke, akayatia udongo mweusi na kupanda maua. Ukuta aliupaka chokaa, na nyumba ikapata mwanga. Msalaba aliutundika mahali pa heshima, juu ya meza. Vitu hivi vyote havikufikia bei ya kiti kimoja kipya. Tena hakuna mti uliokatwa kwa ajili yake.

Kiti chenye unga

Kijana alipoona kazi yake imefanikiwa, alibadilisha viazi vyake kwa kiti cha zamani, ili akitengeneze na kukiuza. Mama mmoja mjamzito alikitaka, wakapatana bei. Franga zile zingenunua vitabu vya mdogo wake.

Siku moja kabla ya kukipeleka, kijana alifagia, akaona unga mweupe chini ya mguu wa nyuma. Alifagia tena. Asubuhi unga ulikuwapo tena. Matundu yalikuwa madogo sana, hata asingeyaona mtu. Akawaza, "Nitayaziba kwa gundi, nipake rangi. Kiti kitadumu miezi kadhaa."

Alichukua brashi, lakini mkono wake haukutulia. Akamwendea mzee.

"Mzee, nikipaka rangi hapa, nani atajua?"

Mzee akauliza, "Mwanangu, nani atakaa juu yake?"

Kijana akanyamaza. Alijua jibu. Amri ya saba inakataza wizi, na kumwuzia mtu kitu kibovu kwa bei ya kizima ni wizi, ijapokuwa mwizi hakuvunja mlango.

Akaenda kwa yule mama, akamwambia, "Mama, kiti kina wadudu katika mguu. Nipe siku nne niubadilishe." Yule mama hakuweza kungoja. Alinunua kiti kwa mtu mwingine. Kijana alirudi bila franga. Aliukata mguu ule, akauchoma ili wadudu wasihamie kwenye meza, akachonga mwingine. Vitabu vya mdogo wake vilingoja mavuno ya viazi.

"Nimepata hasara," alisema.

"Umepata," alijibu mzee. "Franga zimekwenda, jina lako limebaki. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Kiti kile hakikuuzwa. Kiliwekwa penye meza, na mama yake hukaa juu yake jioni, akimsikiliza mtoto anaposoma.

Fundi wa Nazareti

Kazi ya mbao ni kazi ya heshima. Mtakatifu Yosefu alikuwa seremala, na watu wa Nazareti walimwita Bwana Yesu mwana wa seremala, kama tusomavyo katika Injili ya Mateo. Mwaka 1955 Papa Pio wa 12 aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na Kanisa linaiadhimisha mpaka leo. Yosefu hakuacha kitabu wala neno hata moja lililoandikwa. Aliacha kazi iliyofanywa kwa haki.

Maulizo

1. Kwa nini maji ni shida katika Kibumba ingawa mvua inanyesha?
2. Fundi aliijuaje mbao nzima na mbao iliyooza?
3. Kwa nini gundi kuukuu hukwanguliwa?
4. Taja hatari mbili katika kazi ya kusugua na kupaka, na jinsi ya kujilinda.
5. Mama alipamba nyumba yake kwa vitu gani?
6. Kijana angeuza kiti bila kusema neno, nani angeumia? Eleza.
7. Tafuta nyumbani kwenu kitu kimoja kilichovunjika. Kipime kama alivyofanya mzee, kisha uandike: kina uzima, au hakina?