Oili ya Giaboksi ya Otomatiki: Kwa Nini Hubadilishwa Kidogo Kidogo

Giaboksi hupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Katika gari la otomatiki, gia hubadilishwa kwa msaada wa oili. Pampu huisukuma oili kwenye vijia vyembamba, mgandamizo wake hubana sahani za klachi, na sahani zikibanana gia hushika. Oili hiyo hiyo hulainisha vyuma na kuondoa joto.

Kazi hizo ndizo huichakaza. Joto huharibu kemikali zilizotiwa ndani yake, na sahani zinaposuguana huacha vumbi. Oili mpya ya aina hii kwa kawaida ni nyekundu. Ikizeeka huwa ya kahawia, na ikiungua hutoa harufu kali. Harufu hiyo huashiria kuwa huenda sahani zimelika, na oili mpya hairudishi kilicholika.

Oili yote haikai mahali pamoja. Sehemu yake imo kwenye sampo, yaani bakuli la chini ya giaboksi. Nyingine imo kwenye konveta, chombo cha mviringo kinachounganisha injini na giaboksi, na kwenye mirija ya kupozea. Ukifungua bolti ya sampo, ile ya konveta hubaki. Tuchukue giaboksi ya lita 8 inayotoa lita 4. Badiliko la kwanza huacha nusu ya oili ya zamani. La pili, robo. La tatu, thumni. Kati ya mabadiliko hayo gari liendeshwe siku kadhaa ili oili ichanganyike. Kwa gari lililotembea kilomita nyingi, njia hii ni salama kuliko kusafisha kwa mashine ya mgandamizo, ambayo huweza kung'oa uchafu uliotulia na kuusukuma kwenye vijia.

Ukitaka kuibadilisha mwenyewe, kwanza soma kitabu cha gari ujue aina ya oili. Toyota zinazotumia oili ya T-IV hazitumii ya WS, na giaboksi za CVT, yaani zisizo na gia za hatua, zina oili yake maalumu. Egesha gari mahali tambarare, zuia magurudumu, linyanyue kwa jeki, na uliegemeze kwenye stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Hakikisha tundu la kujazia linafunguka kabla ya kumwaga chochote. Mwaga oili ikiwa vuguvugu, ipime, kisha jaza oili mpya kwa kiasi kile kile. Ukishusha sampo, tazama sumaku iliyomo: tope laini la kijivu ni la kawaida, vipande vya chuma ni dalili ya uharibifu.

Mwisho, pima kimo cha oili. Oili hutanuka ikipata joto, hivyo kipimo huchukuliwa kwenye joto lililotajwa kitabuni. Magari mengi hupimwa injini ikiunguruma; Honda nyingi hupimwa muda mfupi baada ya kuizima. Kimo kikipungua, pampu huvuta hewa na mgandamizo hushuka. Kikizidi, gia huipiga oili ikatoa povu. Kimo kikiwa sahihi na gia bado zinateleza, huenda tatizo liko ndani ya giaboksi yenyewe, si kwenye kimo cha oili.