Draya ya Marekani kwenye Soketi ya Nyumbani

Mdogo wangu mwenye saluni, uliyeniandikia kuhusu draya uliyoletewa na shangazi kutoka Marekani, usiichomeke kwanza. Najua adapta umeshanunua na mikono inakuwasha. Lakini adapta hiyo inabadilisha meno ya plagi tu. Umeme unaopita ni uleule wetu wa volti 230.

Igeuze usome kibandiko. Umeniambia kimeandikwa volti 125, ampea 15, wati 1875. Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya, na wati ni nishati inayotumika kila sekunde. Zidisha 125 kwa 15 uone: 1875. Kumbe wati hazikushuka kutoka mbinguni.

Sasa gawanya, 125 kwa 15. Unapata 8.33, na huo ndio ukinzani wa draya, yaani jinsi inavyouzuia umeme usipite. Kipimo chake ni omu, kwa heshima ya Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyechapisha kanuni hii ya kugawanya volti kwa ampea mwaka 1827. Hapa wengi wanateleza, kwa hiyo twende taratibu. Wati za kibandiko ni ahadi ya volti 125 peke yake. Ukinzani ni wa draya yenyewe: waya wa joto umeshakatwa urefu wake na unene wake, haubadiliki kwa sababu umevuka bahari. (Ukipata moto ukinzani hupanda kidogo, na feni nayo inakula chake. Tuviache, jibu halitabadilika kwa kiasi cha kukuokoa.)

Haya, ichomeke kwenye karatasi badala ya ukutani. 230 gawanya kwa 8.33 ni ampea 27.6. Zidisha kwa 230, unakaribia wati 6350! Volti hazijafika hata maradufu, lakini nguvu imepita mara tatu, kwa kuwa volti zikipanda ampea nazo zinapanda, kisha unazizidisha pamoja. Plagi zetu za meno matatu bapa fyuzi yake kubwa ni ya ampea 13. Ukiwa na bahati, fyuzi itaungua mapema. Ukiikosa, utaungua waya wa draya, nawe umeishika karibu na kichwa cha mteja.

Anayehamia Marekani na jagi lake la umeme la wati 2000 anapata kinyume chake. Kwa volti 120 litatoa wati 544 hivi. Haliungui, ila chai ataisubiri sana.

Chaji ya simu isikutishe. Nyingi zimeandikwa 100–240, zinakubali kote. Draya za safari nazo huwa na kiswichi cha 125 na 250, kwa hiyo kitafute kwenye mpini kabla hujakata tamaa.

Kama hakipo, fundi atakutajia transfoma ya kushusha volti. Sawa, lakini iwe imeandikwa zaidi ya wati 1875, mimi ningechukua ya 3000, maana saluni draya haipumziki. Ni dude zito, na pesa yake si ndogo. Ushauri wangu: mpe draya hiyo mtu anayerudi Marekani, wewe nunua ya volti 230, na shangazi umwambie safari ijayo alete mafuta ya nywele.